La Graciosa: mchanga, ng'onda na wanawake wa jabalini

Nianze na lami manake ndo kitu cha kwanza utakachoambiwa kuhusu La Graciosa: hakuna. Hata kipande. Unashuka kwenye boti, unakanyaga saruji ya gati hatua kadhaa, baada ya hapo ni mchanga mtupu, mchanga mpaka vizingitini mwa watu, mchanga mbele ya kanisa, mchanga mbele ya duka la mikate, na usiku utaukuta kwenye shuka na hujui umeingiaje. Watu wa utalii wanaipenda hiyo habari kufa, eti ni moja ya sehemu za mwisho Ulaya zisizo na barabara ya lami. Shoga yangu niliyekwenda naye ni mtu wa Lamu, alivyoisoma kwenye simu tukiwa kwenye basi alicheka mpaka watu wa siti za mbele wakageuka. "Yaani tumepanda ndege na hela zetu, tunakwenda kuangalia mchanga?" Mie mtu wa Tanga sikuwa na la kujibu, nikamwambia tulia mwenzangu, kuna na samaki.

Sasa kisiwa chenyewe. Ni Hispania, ila si ile Hispania ya Madrid na Barcelona, ni kule Visiwa vya Kanari, ndani ya Atlantiki, na ukiitazama ramani vizuri unashangaa: pwani ya Afrika iko kilomita mia na kitu upande wa mashariki, Madrid iko zaidi ya kilomita 1,500. Hata saa zao ziko nyuma ya Hispania bara kwa saa moja. La Graciosa iko kaskazini ya kisiwa cha Lanzarote, ina kama kilomita za mraba 29, watu mia saba na ushee, na kwa muda mrefu ilikuwa haihesabiwi hata kama kisiwa kamili, watoto shuleni wanafundishwa visiwa vya Kanari ni saba, basi, hiki kikawa kama kitongoji cha Lanzarote tu. Mwaka 2018 Seneti ya Hispania ikapitisha kitambuliwe kuwa cha nane. Watu wakafurahi, lakini kiutawala bado wako chini ya manispaa ya Teguise, ambayo iko hukohuko Lanzarote, kwa hiyo heshima wamepata, ofisi bado ni kuvuka maji.

Boti unapandia Órzola, kijiji cha mwisho kaskazini mwa Lanzarote, nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa chini kidogo ya yuro 30 na safari haizidi nusu saa. Hiyo nusu saa usiidharau. Mlango wa bahari uliotenganisha visiwa hivi viwili wanauita El Río, mahali pembamba ni kama kilomita moja hivi na humo ndani maji yametulia, lakini Órzola haiko humo ndani, iko nje upande wa mashariki, kwa hiyo boti lazima izunguke rasi ya Fariones ambako bahari kuu inagonga jabali, na upepo wa kule unavuma kutoka kaskazini mashariki karibu mwaka mzima, hamna cha kusi wala kaskazi, hamna msimu wa matlai wa kumpumzisha nahodha. Boti inanyanyuka, inadunda, inanyanyuka tena. Vijana wawili waliokuwa wamekimbilia viti vya mbele ili wapige picha walilowa chapachapa, wakati mzee mmoja mwenyeji, na mifuko yake ya supamaketi katikati ya miguu, alikuwa amelala usingizi wa pono.

Ukishaikata rasi, bahari inalala ghafla. Kushoto kwako ni jabali la Famara, mwamba uliosimama wima mita 400, 500, sehemu nyingine 600, hakuna mti, hakuna nyumba. Kulia ni kisiwa, kimelala chini, rangi ya kutu na njano, vilima vichache vya volkano, na pwani kuna mstari mweupe wa nyumba. Hicho ndo kijiji chenyewe, Caleta de Sebo. Hilo jabali lishike kichwani manake habari yote ya kisiwa hiki iko hapo.

Kijiji ni kizuri, sitajifanya mjuaji. Nyumba fupi nyeupe, ghorofa moja au mbili, milango na madirisha ya buluu au kijani, mbele ya nyumba nyingi kuna kibaraza na viti viwili na mtu amekaa. Bandarini kuna boti ndogo za uvuvi zimepakwa rangi kwa mapenzi kabisa. Kanisa ni la Mama yetu wa Karmeli, mlinzi wa mabaharia, ndani lina mapambo ya kibaharia, na tarehe 16 Julai sanamu yake inatolewa na kutembezwa baharini kwenye boti huku boti nyingine zinamfuata. Magari yapo machache, mpaka uwe na kibali, na mengi ni zile Land Rover za zamani zinazofanya kazi ya teksi kupeleka watu fukwe za mbali. Mgeni anabaki na miguu au baiskeli ya kukodi. Tulikodi. Kuna mahali mchanga ni mzito mpaka unashuka unaisukuma, jua kichwani, upepo usoni, shoga yangu akasimama akasema, "Mie nimelipa niipande hii baiskeli, sasa mbona yenyewe ndo inanipanda mie?"

Fukwe nitazipita haraka. Ya Francesa ni ya kuogelea, maji yametulia, na boti za matembezi zinajazana hapo mchana. La Cocina iko chini ya Montaña Amarilla, kilima cha mawe ya njano kweli kweli, ukifika jioni jua likikipiga unaweza kudhani kimewashwa taa kwa ndani. Las Conchas upande wa pili ndo inayotoka kwenye kila picha ya Instagramu, mchanga wa dhahabu na mbele yake kisiwa kitupu cha Montaña Clara. Nzuri mno, lakini mkondo wake unaua. Kaa, tazama, lowesha miguu, rudi. Visiwa vidogo vya jirani, Montaña Clara, Alegranza na majabali mawili mengine, pamoja na La Graciosa wanaviita Chinijo, na tangu 1995 bahari yake yote ni hifadhi, moja ya hifadhi kubwa za bahari Ulaya, uvuvi wake una masharti. Ndo maana samaki bado wapo.

Na sasa samaki.

Tulikuwa tunapita nyuma ya nyumba za mwisho za kijiji, upande ambao watalii hawaendi kwa sababu hakuna kitu, shoga yangu akanishika mkono. "Ng'onda hizo." Nikageuka. Kweli bwana, kwenye uchanja wa waya nyuma ya nyumba ya mtu walikuwa wametandazwa samaki, wamepasuliwa, wamefunguliwa wakalala bapa, nyama juu, chumvi inametameta. Wenyewe wanawaita jareas. Ukiniletea ile picha bila kuniambia imepigwa wapi ningekuapia ni Kipumbwi, kwetu Tanga. Mwenye nyumba akatoka, bibi wa miaka sabini huko na aproni yake, akatukuta tumeinamia samaki wake kama wakaguzi wa afya. Mie Kihispania ninakijua kwa sababu nafanya kazi Valencia, nikamwamkia kwa heshima zote, nikamweleza kwamba huyu mwenzangu na mie tumetoka pwani ya Afrika, ile ya upande wa pili, na kwetu samaki anakaushwa hivihivi. Akatutazama. "Hivihivi, mwanangu?" Hivihivi, bibi.

Basi mkutano ukaanza, mie mkalimani. Shoga yangu anataka kujua chumvi inatiwa kabla ya kuosha au baada. Bibi anasema wanaoshwa kwa maji ya bahari, si ya bomba, ukiosha kwa maji ya bomba ladha imekwenda, halafu chumvi, halafu nje. Siku ngapi? Inategemea upepo, siku moja, mbili, upepo ndo unaokausha, jua ni msaidizi tu. Na inzi? Bibi akacheka, akanyoosha kidole juu: upepo huu inzi atatua wapi. Shoga yangu akatikisa kichwa polepole, ile ya mtu aliyekutana na fundi mwenzake. Kisha akauliza swali ambalo mie nisingelifikiria, kwamba mbona wamepasuliwa na kichwa kimebaki, bibi akajibu kichwa ndo supu, unataka kutupa supu? Wakaelewana hapohapo, hata mkalimani sikuhitajika tena.

Samaki wengi pale walikuwa vieja. Ukimwona mdomo tu unamjua, lile domo la kutafunia mwamba, ni jamaa ya pono. Ila pono wao ana kituko kimoja: jike ndo mwenye rangi, mwekundu wa kupendeza na baka la njano, dume ni kijivu tu, amechakaa. Shoga yangu alipolisikia hilo akasema angalau baharini haki ipo. Jioni tukala wabichi bandarini, wamechemshwa, pembeni viazi vidogo vilivyopikwa na maganda kwenye maji ya chumvi nyingi mpaka ngozi ikajikunja na kubaki na ukungu mweupe wa chumvi, na sosi ya mojo, ya kijani ina giligilani, nyekundu ina pilipili kavu na kitunguu saumu. Pilipili yenyewe ya kizungu, haiumi, lakini ina ladha.

Kitu kilichotumaliza kabisa ni gofio. Huo ni unga wa nafaka iliyokaangwa kwanza ndipo ikasagwa, mahindi au ngano au shayiri, na asili yake ni wale wenyeji wa Kanari kabla ya Wahispania, watu wenye nasaba na Waberberi wa Afrika Kaskazini. Sasa wanachukua supu ya samaki ya moto, wanamimina kwenye gofio, wanakoroga na kukoroga mpaka inakaza. Inaletwa kwenye bakuli, kahawia, inanukia mahindi ya kuchoma, na pembeni kitunguu maji chekundu kibichi kimebanduliwa maganda maganda, kila ganda ni kijiko, unachota nalo unakula vyote. Meza ya jirani walikuwa wanaipiga picha. Sisi tukatazamana, mie nikasema huu ni ugali, yeye akasema huu ni ugali uliopikiwa kwenye mchuzi, mtu mvivu huyo aliyevumbua, kaokoa sufuria moja.

Sasa turudi kwenye jabali.

Kisiwa hiki hakina maji. Hakuna mto, hakuna chemchemi ya maana, na mvua za Lanzarote na kandokando yake ni kidogo sana, hazifiki hata milimita 150 kwa mwaka. Kwa sababu hiyo kwa karne nyingi hakuna aliyehamia. Wanormani wa Jean de Béthencourt, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipita hapa mwaka 1402 wakiwa njiani kwenda kuiteka Lanzarote, wakaendelea na safari. Baada ya hapo watu walikuwa wanavuka kwa msimu tu: kulisha mbuzi, kukamata makinda ya ndege wa baharini kwa ajili ya nyama na mafuta, kuchuma orchilla, kile kitu kinachoota mwambani na kutoa rangi ya zambarau, ambacho kwa taarifa yako karne ya 19 hata Zanzibar ilikuwa inakisafirisha kwenda Ulaya. Watu wa kudumu walikuja mwishoni mwa karne hiyo ya 19, kukaanzishwa kiwanda cha kutia samaki chumvi, familia maskini za Lanzarote zikavuka kufuata kazi. Kiwanda kikafa. Familia zikabaki, hazikuwa na pa kurudi.

Hebu fikiria maisha hayo. Samaki unao, mwingi. Maji ni ya mvua ndani ya birika, yakiisha unapiga makasia kuvuka El Río kwenda kuchota kwenye kichemchemi chini ya jabali. Viazi huna, mahindi huna, dengu huna, kitunguu huna. Vyote viko Haría na vijiji vya jirani yake, Yé na Máguez, na vijiji hivyo viko juu, nyuma ya ule mwamba wa Famara. Na wanaume hawapo. Wanaume wa Kanari walikuwa wanakwenda kuvua mbali, miezi kwa miezi, huko kwenye pwani ya Sahara ambako samaki ni wengi, wenyewe walisema tu "pwani", ukisema fulani yuko pwani kila mtu anaelewa ni Afrika. Uvuvi huo ulianza kunywea baada ya Hispania kuondoka Sahara Magharibi mwaka 1976, lakini kabla ya hapo vizazi na vizazi ndo kazi waliyoijua.

Waliobaki nyumbani ni wanawake. Wakavuka wao. Alfajiri wanapakia samaki, wabichi na wakavu, kwenye mashua, wanavuka mpaka ufuko ulio chini ya jabali, hapo wanakaza ngata, wanaweka makapu kichwani, wanapanda. Njia ni ya kukata kona, kushoto kulia kushoto kulia, zaidi ya mita 400 kwenda juu. Ukifika juu hujafika bado, unatembea mpaka vijijini kupita mlango kwa mlango, samaki kwa viazi, samaki kwa mahindi, samaki kwa tini zilizokaushwa, halafu unageuka na mzigo mwingine kichwani, unateremka jabali lilelile, na kuteremka na mzigo kama umewahi kulijaribu unajua kuwa ndo kubaya zaidi. Kisha makasia. Kisha watoto hawajala. Hii si hadithi ya kale sana, iliendelea mpaka karne ya 20 imekwenda mbali, mpaka boti za injini za Órzola zilipochukua kazi, kwa hiyo bibi wa ng'onda niliyemtaja, mama yake alipanda. Alituambia mwenyewe. Alituambia mama yake alikuwa anasuka ukili wakati wa kungoja mashua ili mikono isikae bure.

Ukili ndiyo, nimesema ukili. Wanawake wa La Graciosa wana kofia yao ya majani ya mtende, pana, wanasuka utepe mrefu wa ukili kisha wanauzungusha na kuushona kuanzia utosini kwenda nje, mshono wa duara, kama mikeka yetu inavyoshonwa ila hapa unatoka na kofia. Siku hizi wanaojua ni wachache na kofia ni ghali, na mie naona bei yake ni halali kabisa, kama mtu anataka rahisi zipo za kiwandani duka la pili. Shoga yangu aliikagua ndani nje, akatafuta mwanzo wa utepe, akaupata, akanunua bila kupatana bei. Mtu wa Lamu huyo, hakupatana bei. Mpaka leo sijawahi kuona tena.

Siku hizi maji yapo bombani, maji ya bahari yaliyotolewa chumvi, Lanzarote walianza teknolojia hiyo miaka ya 1960, mapema kuliko karibu Ulaya nzima, walikuwa hawana namna nyingine. Umeme upo. Intaneti nzuri kuliko ya kwangu Valencia. Na kile kile kilichokuwa shida kimegeuka mali: hakuna lami, uzuri, hakuna magari, uzuri, nyumba ndogo za wavuvi, uzuri, usiku mmoja bei yake nisikutajie. Mama mmoja wa duka alituambia mwanawe amehamia Arrecife, mji mkuu wa Lanzarote, kwa sababu nyumba ya kupanga mwaka mzima hapo kijijini haipatikani, kila chumba kina mgeni. Sisi wenyewe tulikuwa tumelala kwenye chumba cha namna hiyo hiyo, tulipendezwa nacho sana, kilikuwa na kibaraza. Sijui nikwambie nini. Wenyeji wanabishana wao kwa wao, wengine wanataka idadi ya boti za watalii ipunguzwe, wengine wana mkahawa. Mchana wa kiangazi unaona wote wana hoja. Boti ya asubuhi inamwaga watu, mchana kijiji hakipitiki, jioni wanaondoka na boti ya mwisho na mitaa inarudi kuwa ya watoto na mpira.

Kuna jambo jingine siwezi kuliruka hata kama linaharibu hewa ya likizo. Ukiwa Mwafrika mweusi ukakaa ufukoni kwenye visiwa hivi, macho yanakwenda mashariki yenyewe. Mwaka 2024 watu 46,843 walifika Kanari kwa boti bila vibali, rekodi ambayo haikuwahi kuonekana, wengi kutoka Mauritania, Senegali na Moroko, na wengine wengi hawakufika kabisa. Wengi walitua El Hierro, mbali na hapa, lakini Lanzarote nayo inapokea boti za mpira kutoka Moroko. Mie nina kadi ya ukazi, shoga yangu alikuja kwa viza iliyomgharimu machozi na mafaili. Tulivuka kwa boti yenye baa. Kijana mmoja Msenegali tuliyeongea naye Arrecife, anauza miwani, alituuliza La Graciosa kukoje, hajawahi kwenda, hana sababu ya kwenda. Nikamwambia kuna samaki. Akasema kwao Saint-Louis kuna samaki pia, walikuwepo, sasa meli kubwa zimewamaliza. Bahari hiyohiyo moja, na watu wa Kanari waliivuka kwenda huko kuvua, na watoto wa wavuvi wa huko wanaivuka kuja huku.

Tuliporudi Lanzarote nikang'ang'ania lazima twende tukaione ile njia ya wanawake. Ipo, inaanzia Yé, imewekewa kibao, wanaiita njia ya watu wa La Graciosa. Mwanzoni imepangwa mawe, kona baada ya kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili hewa. Chini kabisa unaona El Río lote, kijiji cheupe ng'ambo, na huku kando ya ufuko mashamba ya chumvi yaliyoachwa, Salinas del Río, kongwe kuliko yote Kanari, madimbwi yake mengine yana rangi ya waridi. Kuteremka ni raha, unapiga picha, unacheka. Kupanda tulinyamaza. Mie nilikuwa na chupa ya maji na simu, basi, na viatu vya kupandia mlima, na kila baada ya kona nilijifanya natazama mandhari. Shoga yangu kofia kichwani, alisimama mahali akaitazama kona iliyobaki, akasema, "Hawa wangekuwa kwetu wangekuwa na wimbo wa kulipanda hili, naamini walikuwa nao."

Juu, mwendo mfupi kutoka hapo, kuna Mirador del Río, jengo la César Manrique, msanii wa Lanzarote, la mwaka 1973 lililofichwa ndani ya mwamba, kioo kikubwa, ukumbi mweupe, kahawa, na chini yako kisiwa chote kama kilivyo. Manrique ni fundi, hilo sitalibishia, ndiye aliyepigania Lanzarote isijazwe maghorofa ya mahoteli, na pale ndani unaona kwa nini alisikilizwa. Lakini kuna kiingilio. Shoga yangu akaisoma bei, akanitazama. "Mandhari hiyo mie nimeshailipia kwa magoti." Akagoma. Nikaingia peke yangu, nikanywa kahawa yangu na watalii wa basi zima, nilipotoka nikamkuta amekaa kivulini kwenye maegesho anatafuna vipande vya ng'onda alivyofungiwa na bibi kwenye gazeti, na dereva wa basi la watalii amejiunga, wanakula pamoja, hawana lugha hata moja ya kuelewana, dereva anamwonyesha kwa mikono kwamba kwao wanawachoma kwanza kwenye mkaa, na yeye anamjibu kwa Kiswahili kwamba wanachelewa, hapa ilitakiwa nazi.